Kalamu Kabla ya Kompyuta

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, baada ya Swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhan. Imepangwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, niliombwa nizungumze juu ya kijana na kazi ya kujitegemea. Mada hii ni pana kuliko Outer Ring Road, kwa hiyo nitashika njia moja tu, ile ninayoipita mwenyewe kila siku: kazi ya kudizaini. Nasema mabango, nembo, kadi za harusi, vipeperushi, majalada ya vitabu, na hizi picha za matangazo zinazozunguka kwenye simu zetu.

Mitaa yetu unaijua. Ukitoka Mowlem, ukapitia Umoja, ukaingia Kariobangi South mpaka Dandora, hukosi kijana mwenye laptopu ya mitumba anayedizaini usiku. Mchana yuko chuoni au anatafuta kazi. Dada zetu pia wamo, tena wengi, kwa sababu ni kazi inayofanyika nyumbani. Haihitaji kodi ya duka, haihitaji kujuana na mkubwa fulani. Inahitaji stima, bando na subira. Wateja wapo: saluni, shule ya chekechea, chama cha akina mama, duka la abaya Eastleigh, ajenti wa safari za Umra.

Lakini hebu tazama wanaoanza na wanaobaki. Wengine hata mwaka hawamalizi, laptopu imeuzwa. Ukiwauliza, hadithi ni moja: kazi zilikuwepo, pesa hazikuonekana. Na ukimuuliza mteja naye, ana hadithi yake: nilitaka hivi, nikaletewa vile, na siku ikapita. Kila mmoja anamwona mwenzake ni dhalimu.

Neno langu leo ni moja, ndugu msomaji. Kabla hujafungua kompyuta, shika kalamu. Andika mlichokubaliana, kisha kitimize kama kilivyoandikwa. Kukua kwa kijana katika kazi hii kumejificha hapo.

KAZI HII HAIKUANZA NA KOMPYUTA

Wako wanaodhani kudizaini ni kazi ya kizungu iliyokuja na mashine. La hasha. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Walipamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakapiga mistari, wakaacha ukingo, wakaweka alama za juzuu ili msomaji asipotee. Hiyo ni dizaini kamili. Haikuwa na umeme, lakini ilikuwa na vipimo.

Tazama na kanga iliyo kabatini kwa mama yako. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji ambao ndio uwanja wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Kila kitu kina mahali pake. Mombasa, katika mtaa wa Biashara Street, iko nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza biashara mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mama wa Lamu au wa Tanga akiiona alama ile alijua ametoa pesa zake kwa nani. Leo tunaita hiyo nembo ya biashara, na tunadhani tumeivumbua sisi.

Nimeyataja haya ili ujue kwamba umeingia katika kazi yenye wazee. Na wazee wa kazi hii waliitwa waandishi. Neno hilo liweke moyoni, kwa sababu tunalirudia sasa hivi.

AYA NDEFU KULIKO ZOTE

Sisi tuliopitia madrasa tumeambiwa tangu utotoni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 katika Suratul Baqara. Wengi tunajua urefu wake. Wachache tunajiuliza inazungumza nini. Haizungumzii vita, wala haielezi sifa za Pepo. Inazungumzia daftari! Watu wakikopeshana kwa muda maalumu, waandike. Mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika. Mwenye deni ndiye atamke linaloandikwa. Watafutwe mashahidi. Tena tumeagizwa tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Na mwishoni linakuja jambo ambalo mimi hunigusa kila nikilisoma: mwandishi asidhuriwe, na shahidi vilevile.

Sasa pima kazi yako. Umemaliza bango leo, mteja amesema atalipa mwisho wa mwezi. Hilo ni nini kama si deni la muda maalumu? Basi aya inakuhusu mara mbili: wewe ni mwenye kudai, na wewe ni mwandishi. Kama mwandishi huna ruhusa ya kupindisha kazi. Na yule aliyekutuma hana ruhusa ya kukudhuru.

Wahenga wetu nao walilisema jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini mtaani kwetu kuandika kunaonekana ni kukosa adabu. Mteja ni jirani, ni rafiki wa baba, mmeswali safu moja. Utamwambiaje mzee kama huyo "tuandikiane"? Atakujibu, "Kwani huniamini?" Jibu lake ni rahisi na ni la heshima: "Mzee wangu, nakuamini. Naandika ili nisisahau ulichoniagiza." Na kweli hilo ndilo kusudi. Tunaandika kwa sababu binadamu husahau, na anayesahau kwa kawaida husahau upande unaomuumiza.

UANDIKE NINI?

Huhitaji wakili wala karatasi ya muhuri. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, mradi mteja ajibu "nimekubali". Yawe ndani yake mambo matano.

La kwanza, kazi yenyewe. Katika mlango wa ijara tulifundishwa kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. "Nitengenezee kitu kizuri" haijulikani. "Bango moja la futi sita kwa tatu, lugha ya Kiswahili, picha mbili nitakazoleta mimi, siku ya Alhamisi" inajulikana.

La pili, marekebisho. Andika mara ngapi. Mara mbili au tatu ni uungwana. Bila idadi, utabadilisha rangi mpaka Idi, na kila badiliko ni "kitu ya dakika tano tu, bro".

La tatu, ujira na siku ya kulipa. Wengi huomba arbuni, nusu mwanzo na nusu mwisho. Hapa nina nasaha. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu arbuni ya mauzo inayopotea mnunuzi akighairi. Jamhuri yao hawakuiruhusu, na Mahanbali wameiruhusu. Njia iliyo safi kwetu ni kugawa kazi kwa hatua. Andika kwamba pesa za kwanza ni ujira wa michoro ya mwanzo. Mteja akighairi baada ya kuiona, amelipia kazi iliyofanyika, na wewe hukula cha mtu.

La nne, nani anahakiki maneno. Jina la bwana harusi, namba ya simu, tarehe. Mteja asome, aseme "sahihi", ndipo faili iende kwa wachapishaji wa River Road. Na hapo mweleze kuhusu rangi. Skrini huchanganya mwanga wa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapisha huchanganya wino wa rangi nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kuna kijani kinachong'aa kwenye simu ambacho wino hauwezi kukitoa, na wateja wetu mnajua wanavyopenda kijani. Mwonyeshe karatasi moja iliyochapishwa kabla ya kuchapisha elfu. Acha pia ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande, maana kisu cha kukatia hakina macho.

La tano, kazi ni ya nani. Hili vijana wengi hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi uliyoagizwa na mtu inahesabiwa kuwa haki yake imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, sheria haikunyamazii. Kama unataka haki ihamie kwake baada ya kulipa yote, au unataka kuionyesha kazi ile kwa wateja wengine, andika mapema.

RATIBA YA FUTARI

Nimesema sana kuhusu haki ya dizaina. Sasa tugeuze shilingi tuone upande wa pili.

Kila Ramadhan tunatengeneza ratiba za imsak na futari. Mdhamini analeta tangazo la duka lake, dizaina anatafuta nyakati, anabandika, inachapishwa. Wakati mwingine nyakati hizo zimetolewa kwenye ratiba ya Mombasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kijana mwenzangu, Mombasa iko mashariki ya Nairobi. Jua huzama kule takriban dakika 10 kabla ya huku kwetu, zaidi au pungufu kulingana na msimu. Bandika ratiba ya Mombasa katika msikiti wa Eastlands, na umewafuturisha watu jua likiwa bado halijatua. Mzee wa miaka sabini aliyefunga siku nzima kwa kiu, futari yake umeiharibu wewe kwa kunakili na kubandika.

Unaona uzito wake? Watu wanasema kazi yetu ni ya kurembesha. Bango ni ushahidi. Watu wanaliamini na kutenda kwa kulitazama.

Mfano mwingine. Maneno ya Kiarabu ukiyapeleka katika programu isiyoyajua, herufi huachana na mstari hugeuka kuanzia kushoto. Dizaina asiyesoma Kiarabu haoni kasoro. Wewe uliyekaa mkekani ukaanza na alifu, ba, ta, unaona mara moja kwamba Bismillahi imekuwa herufi zilizomwagika. Ile elimu tuliyodhani ni ya chuoni tu, hapa ni mtaji. Basi mwambie mteja ukweli hata kama yeye haoni. Na kama vipeperushi ni vya kugawa pale steji ya matatu, mshauri asiweke aya. Baada ya saa moja vitakuwa chini ya viatu vya abiria.

Amana inawafikia pia waliotengeneza vifaa tunavyotumia. Programu za wizi zimejaa mitaani, na mtu anayelalamika kwamba ameibiwa nembo huku akifanya kazi kwa programu ya kuibwa, malalamiko yake yana kilema. Ziko za halali zisizolipiwa: GIMP iliyotoka mwaka 1996, Inkscape iliyotoka 2003, na Scribus ya kupanga kurasa. Kwa Kiarabu kuna fonti ya Amiri ya Khaled Hosny, aliyeifufua kutoka herufi za naskhi za kiwanda cha Bulaq cha Cairo. Nayo ni bure kwa idhini ya mwenyewe.

"SI NI FISABILILLAHI TU?"

Sasa tufike penye kidonda. Mwezi huu simu yako italia sana. Bango la darsa, bango la futari ya pamoja, mchango wa mayatima, matangazo ya Idi. Na karibu kila anayepiga atasema, "Akhii, hii ni fisabilillahi."

Ndugu msomaji, sadaka ni jambo kubwa, na kipaji chako kina fungu la sadaka ndani yake. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Haitolewi na anayeagiza. Mwenye hema la futari analipwa, mwenye spika analipwa, mpishi wa pilau analipwa. Akifika dizaina ndipo kila mtu anakumbuka thawabu! Kijana huyo ana karo, ana mama anayesubiri unga, na stima ni ya tokeni. Mtume (S.A.W.) ametuusia, kama ilivyopokewa na Ibn Majah, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakuna mahali wasia huo ulipomtoa mfanyakazi wa msikiti.

Ushauri wangu kwa viongozi wa vikundi: ulizeni bei kwanza. Kisha kijana akitaka kusamehe yote au nusu, asamehe kwa hiari yake na thawabu zake zitimie. Na kwako dizaina: amua mapema, kabla ya mwezi kuandama, kazi ngapi utazitoa sadaka. Ziandike hizo nazo, na uzifanye kwa ubora uleule wa kazi ya kulipwa. Ukitoa sadaka ya kulipua, umempa Allah makombo. Nyingine zote ni ijara, na bei isemwe bila haya.

KAZI YA KUKATAA

Kuna wateja wenye pesa nzuri na kazi mbaya. Mtaani kwetu kamari imehamia kwenye simu, na vijana tuliocheza nao mpira wanaamka wakiangalia mkeka badala ya kuangalia kitabu. Mimi niliwahi kuletewa kazi ya matangazo ya kamari, pesa ambazo zingemaliza karo ya muhula mzima. Niliikataa. Sitawadanganya kwamba kesho yake ulifunguka mlango mwingine wa ajabu. Haukufunguka. Muhula ule niliumaliza kwa deni, na deni nikalilipa polepole kwa kadi za harusi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba napita pale kwenye kona ya vijana nikiwa najua kwamba tangazo linalowamaliza halikutoka mkononi mwangu.

Jifunze kukataa kwa adabu na mapema. Usipokee kazi halafu ukaikimbia. Kukataa mwanzoni ni haki yako. Kukimbia katikati ni khiyana.

AKIKATAA KULIPA

Je, umeandika, umetimiza, na mtu hataki kulipa? Anza na sulhu. Mkumbushe faragha, usimweke hadharani kwenye kundi la WhatsApp. Mpe muda, kwani kuna aliyebanwa kweli, na kumsubiri aliyebanwa ni jambo jema. Mtume mzee mnayemheshimu wote wawili.

Ikishindikana, jua mlango. Baadhi yetu hudhani pa kwenda ni kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Deni la bango halimo. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Utakachobeba ni nini? Ule ujumbe wa "nimekubali", zile jumbe za M-Pesa za pesa za kwanza, na faili uliyopeleka. Tunarudi palepale: daftari.

NA MASHINE ZINAZOCHORA ZENYEWE?

Ndugu mmoja aliniuliza kwenye kikao: siku hizi programu za akili bandia zinachora bango kwa sekunde, sisi tutakula nini? Swali ni la haki. Kazi za haraka haraka zitapungua, hilo tusijidanganye. Lakini mwulize mteja: nyakati za ratiba zikikosewa, mashine itasimama mbele ya waumini ijibu? Herufi za Kiarabu zikivurugika, nani ataona? Anayelipwa kesho ni yule anayeweza kusema, "Kazi hii nimeihakiki, jina langu liko chini yake." Waandishi wa zamani waliandika majina yao mwisho wa nakala. Aliyeweka jina alijua ataulizwa.

HITIMISHO

Ramadhan inatufundisha kufunga bila askari. Jikoni pana maji, mlango umefungwa, hakuna anayekuona, na bado hunywi. Basi dizaina naye yuko peke yake usiku na faili la mtu. Anaweza kulipua, anaweza kunakili nembo ya mwingine, anaweza kubandika ratiba ya Mombasa akalala. Ukiweza kuacha maji, utashindwaje kuacha hayo?

Leo baada ya Tarawehe, kabla hujaigusa kompyuta, chukua daftari la kawaida la shilingi hamsini. Andika kila kazi uliyonayo, imeagizwa na nani, lini inatakiwa, umelipwa ngapi, unadai ngapi. Upande wa pili andika na wewe unadaiwa kazi zipi. Upande huo wa pili uanze kuumaliza kesho asubuhi.

Tunamuomba Allah (S.W.) azikubali saumu zetu, abariki mikono inayofanya kazi ya halali, na atuepushe na deni la kudai na la kudaiwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.